Chombo cha Kuacha Mkobani

Tiba ya kukubali na kujitoa, iliyoasisiwa na Steven Hayes nchini Marekani miaka ya 1980, ina vyombo ambavyo mtu huweza kujifunza kwa siku chache: kutuliza mwili kwa kuhisi miguu ardhini, kulitaja wazo linalosumbua bila kupigana nalo, kuipa hofu nafasi, na kutenda lile unalolithamini hata kama maumivu yangalipo. Ninachokistahi zaidi ni ufundi wa kujua lini utoe kipi, na lini usitoe chochote.

Chukua mama wa Beni, mashariki mwa Kongo, ambako tangu Oktoba 2014 watu wanauawa vijijini na mashambani, mauaji mengi yakihusishwa na waasi wa ADF. Anasema, "Nikienda shambani nitakatwa panga." Anayefuata kitabu tu atamwambia alitazame wazo hilo likipita. Fundi haendi huko. Anauliza: mnapita njia gani, mnakwenda wangapi, nani amerudi kutoka huko wiki hii? Hofu hiyo inamlinda mama, iachwe ifanye kazi yake. Lakini baadaye mama huyohuyo akisema, "Mimi ni mzazi bure, sikuweza kulisha watoto," fundi anabadilika palepale: "Mama, wazo hilo hukujia wakati gani? Likija, unafanya nini?" Sauti ni ileile, kiti ni kilekile, chombo kingine kabisa.

Kukubali katika tiba hii hakumaanishi kukubali kuuawa. Asiyeweza kulieleza hilo asiianze.

Vyombo hivi si vya hospitali kubwa peke yake. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojengwa juu ya tiba hii: mikutano 5, sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Matokeo, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha kwamba dhiki ilikuwa imepungua hata miezi 3 baadaye.

Na wapo waliotenda kiini cha tiba hii bila kukisomea. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, waliopona katika miji ya Beni na Butembo waliwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Wengi wa walezi hao walikuwa wamefiwa. Hawakungoja huzuni iishe ndipo wambebe mtoto. Mhudumu mwenye busara, akikutana na mtu wa namna hiyo, hamfundishi mazoezi. Anamuuliza mtoto anaendeleaje, kisha anasikiliza.

Ufundi huu hukomaa kwa miaka, nao hupotea mkataba wa mhudumu ukikatwa. Ebola ilirudi karibu na Butembo Februari 2021, miezi michache tu baada ya ile kubwa kutangazwa imekwisha. Wenye kupanga bajeti za afya Kivu Kaskazini, waajirini wahudumu hawa wanaojua kusikiliza kwa kudumu, msingoje mlipuko mwingine.