Rejesho la Kila Wiki kwa Mkulima wa Pamba

  

Watanzania wameipa jina mikopo midogo yenye masharti magumu. Wanaiita "kausha damu". Jina hilo halikutungwa na masheikh wala wachumi, bali limetoka kwa wakopaji wenyewe, na anayelisikia sokoni Bariadi, Maswa au Mwanhuzi hahitaji kufafanuliwa.

Serikali nayo imelisikia. Baada ya Sera ya Taifa ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2017, ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Katika makala haya tunaupima ulinzi huo kwa mizani ya fiqhi, tukimtazama mkopaji mmoja: mkulima wa pamba wa mkoa wa Simiyu. Rai yetu ni kwamba ulinzi uliopewa uzito zaidi ni wa leseni na kiwango cha riba, ilhali kinachomwangusha mkulima huyu zaidi ni muda wa kulipa na namna anavyotendewa anapokosa.

Tuanze na insafu

Si haki kukosoa bila kutaja jema. Kabla ya sheria hiyo, Benki Kuu ilikuwa ikisimamia taasisi zinazopokea amana, lakini makampuni na watu binafsi waliokopesha fedha zao wenyewe hawakuwa na msimamizi wa namna hiyo. Sheria ya 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kwa daraja la pili, ambako malalamiko ni mengi, riba iliwekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini.

Ukomo huo hauifanyi riba kuwa halali. Riba ni haramu, kidogo chake na kingi chake, na aya za Suratul-Baqarah (2:275-279) hazikuacha mlango. Hata hivyo, wanazuoni wametufundisha kuwa lisilowezekana kupatikana lote haliachwi lote. Kupunguza dhulma ni jema hata kabla ya kuiondoa, na wakopaji wa Simiyu, Waislamu na wasio Waislamu, wote wana haki ya kutodhulumiwa.

Hesabu ya mkulima

Sasa tufanye hesabu. Pamba ya Simiyu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, mvua zikishashika. Msimu wa kununua hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Kwa hiyo kati ya mbegu na fedha kuna miezi sita, na katika miezi hiyo mkulima anatoa tu: kulima, kupalilia, kunyunyiza dawa, na kulisha watoto.

Tuchukue mfano wa mama aliyekopa shilingi 300,000 mwezi Desemba, alipe kwa wiki 12. Akimwangukia mkopeshaji wa asilimia 20 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya mkopo wote, atadaiwa jumla ya shilingi 480,000, yaani 40,000 kila wiki. Akimpata mwenye leseni anayetoza asilimia 3.5 kwa hesabu hiyo hiyo, atadaiwa shilingi 331,500, yaani 27,625 kila wiki. Tofauti ni kubwa, na tunaishukuru sheria kwa tofauti hiyo. Lakini tuulize: mwezi Januari, pamba ikiwa bado inapaliliwa, hizo 27,625 za wiki zitatoka wapi?

Hazitatoka shambani. Zitatoka kwenye mahindi ya chakula, au kwenye mbuzi, au kwenye mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Huo wa pili ndio mlango wa kausha damu. Rejesho la kila wiki linamfaa mama lishe wa stendi ya Bariadi, ambaye anauza kila siku. Kumpa mkulima wa pamba ratiba ile ile ni kumwandikia kushindwa kabla hajatia saini. Ratiba hiyo imeachwa kuwa jambo la mkataba, na katika mkataba huo mmoja ana fedha na mwingine ana shida.

Saa ya kukosa

Mama huyo akikosa, kinachojulikana nchini kote ni hiki: kikundi kinakaa, afisa mikopo haondoki mpaka rejesho litimie, wenzake wanamchangia kwa hasira, kisha vinabebwa godoro, masufuria na baiskeli. Thamani ya vitu hivyo hupangwa na wabebaji.

Hapa ndipo fiqhi ina maneno mengi zaidi. Riba mashuhuri ya zama za jahiliya ilianzia hapa hapa. Deni likifika muda wake, mdaiwa aliambiwa achague moja: alipe, au azidishiwe. Qur'an ikaivunja desturi hiyo na kuweka nyingine mahali pake katika aya ya 280 ya Suratul-Baqarah: mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Kungojewa huku ni haki ya mdaiwa, si hisani ya mdai.

Amesimulia Abu Said al-Khudri (r.a.), katika Sahih Muslim, habari ya mtu aliyenunua matunda yakapatwa na maafa, madeni yakamzidi. Mtume (s.a.w.) aliwataka watu wamtolee sadaka. Walimtolea, lakini hazikufikia deni lote. Ndipo Mtume akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Msomaji azingatie mpango wake: jamii inaombwa kwanza, kisha wadai wanapokea kilichopo, kisha wanazuiwa kumfuata zaidi.

Hatusemi kwamba fiqhi inamwachia mdaiwa mali yote. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi kwetu, ni makali katika jambo hili: kauli yenye nguvu kwao ni kuwa hata nyumba ya aliyefilisika huuzwa, wakati Mahanbali wanamwachia makazi anayoyahitaji. Lakini hata hao Mashafi wanamwachia nguo za kumstahi, na wanaweka masharti: anayezuia mali ni kadhi, si mdai, uuzaji huwa kwa thamani ya soko, na aliyethibiti kuwa hana hafungwi wala hafuatwifuatwi. Afisa mikopo anayebeba sufuria kwa bei aliyoipanga mwenyewe amejifanya mdai, kadhi na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Salam na AMCOS

Je, tuna njia nyingine, au tunalaumu tu? Alipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na miwili kabla. Hakuwakataza. Aliwaamuru, kama alivyopokea Ibn Abbas (r.a.), kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam: mkulima anapokea bei yote leo, anatoa mazao siku ya mavuno.

Isichanganywe na butura ya Kagera, ambapo kahawa ya mti fulani huuzwa ikiwa bado changa kwa bei ya kutupa. Mtume alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kufaa kwake. Salam haifungwi kwenye shamba moja. Ni kilo maalumu za daraja maalumu. Na mazao yakikosekana siku ya ahadi, mnunuzi ana hiari mbili: kungoja, au kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha yake ile ile. Ya tatu, ya kuzidishiwa, haipo.

Tunakiri kuwa salam nayo inaweza kugeuzwa mtego, bei ikipangwa na mwenye fedha peke yake. Usukuma unaijua historia hiyo. Mizani ya uongo ya wanunuzi wa pamba ndiyo iliyowaunganisha wakulima katika vyama vya miaka ya 1950 chini ya Paul Bomani, hadi likaundwa shirikisho la Victoria mwaka 1955. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, lakini funzo halikuvunjika: mnyonge hupanga bei akiwa na wenzake. Leo pamba inanunuliwa kupitia AMCOS. Basi salam ya pamba ipitie humo humo, kwa mnunuzi mwenye leseni, na bei ijadiliwe na chama kwa niaba ya wakulima.

Lawama yetu wenyewe

Mwisho tujigeukie. Mkopo usio na riba si ndoto. Tangu mwaka 2018 halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Serikali isiyo ya dini imeweza kuliandika hilo. Misikiti yetu je?

Tunapanda mimbari na kumkumbusha mama wa kikundi kuwa mla riba, mtoaji wake, mwandishi na mashahidi wake wamelaaniwa. Ni kweli, Hadithi ni sahihi. Lakini akishuka ngazi za msikiti na ada ya mtoto haijalipwa, hatumwonyeshi pa kwenda. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka (9:60). Ni misikiti mingapi inayojua wadaiwa wake kwa majina kama inavyowajua wachangiaji wake?

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Wasimamizi wa sheria waweke sharti kuwa ratiba ya mkopo wa kilimo ifuate msimu wa zao. Mali ya nyumbani isichukuliwe bila amri ya baraza au mahakama. Na Waislamu wa Simiyu waanzishe mfuko wa qardh hasan, hata kwa fedha ndogo, kabla ya mvua za Novemba zinazokuja. Mawili ya kwanza tutayaomba kwa wengine. La tatu tutaulizwa sisi.

Wallahu a'lam.