Milima Isiyokuwapo: Mandhari ya Kubuni na Ushahidi wa Mto Rusizi

Mwaka 1868, akiwa Roma, Albert Bierstadt alichora picha ya rangi za mafuta iitwayo Among the Sierra Nevada, California. Vilele vya theluji vinapenya mawingu, nuru inashukia ziwa tulivu, na kulungu wamesimama ukingoni. Binadamu hayumo. Picha hiyo, yenye upana wa takriban mita 3, ilioneshwa Berlin na London kabla ya kufika Marekani. Bierstadt alikuwa ameizuru California mwaka 1863, lakini bonde hilo halipo popote. Aliliunda kwa kuunganisha alichokiona na alichokitamani.

Kisanaa, ubunifu huo si kosa. Utunzi wa nuru na kina una nguvu yake, nao hauhitaji kuthibitishwa na mpimaji ardhi. Kosa huanza pale taswira inapopewa hadhi ya ushahidi.

Rusizi inatoa mfano wa kosa hilo. Mwaka 1858, Burton na Speke walifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Wenyeji waliwaeleza kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani. Wasafiri hao hawakufika mdomoni mwa mto. Hata hivyo, ramani ya Speke ya mwaka 1859 ilikizingira kichwa cha ziwa kwa safu ya milima yenye umbo la mwezi mwandamo, ikaitwa Milima ya Mwezi, jina lenye asili katika jiografia ya Ptolemy. Mjadala wa mkondo wa mto uliendelea hadi Livingstone na Stanley walipoushuhudia mwaka 1871: maji yanaingia, kama wenyeji walivyosema.

Atazamaye kutoka Cyangugu haoni mwezi mwandamo. Milima ipo, lakini imesimama kandokando ya bonde la ufa, na katikati yake mto unatoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukiteremka hadi Tanganyika, takriban mita 770.

Tofauti ya kazi hizi mbili, basi, haiko katika ubunifu bali katika dai. Turubai ya Bierstadt iliwaondoa watu katika mandhari. Ramani ya Speke iliyapa maneno yao uzito mdogo kuliko jina la kale. Kwa hiyo vitabu vya kiada na makumbusho ya ukanda huu havina budi kuambatisha kwa kila taswira ya karne ya 19 maelezo ya Kiswahili yanayobainisha mambo matatu: mchoraji alisimama wapi, aliona nini, na aliambiwa nini na nani. Bila hayo, mwanafunzi wa Rusizi ataendelea kufundishwa milima ya kwao na mtu ambaye hakuiona.