Siri ya Soja: Kwa Nini Papa Shirandula Hakikupata Kuaga

Charles Bukeko alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020, akazikwa kwao Busia siku mbili baadaye kwa haraka ile ya masharti ya Korona. Papa Shirandula, kichekesho alichokibeba Citizen TV kwa zaidi ya miaka 10 akimwigiza Papa mwenyewe, hakikuweza kusimama bila yeye. Waliokizoea katika hoteli za Makutano mjini Meru, au sebuleni kule Runyenjes, hawakupata kipindi cha kuagana naye akiwemo. Wasanii hodari walibaki wengi tu: Wilbroda, Awinja, Njoro, Otoyo. Mbona basi wasiendelee?

Jibu liko kwenye suti. Papa anatoka nyumbani amevaa suti, mkewe Wilbroda akijua mumewe ni mtu wa ofisi. Akifika kazini anaivua na kuvaa sare ya soja wa getini. Kisa chote kimesimama juu ya mabadiliko hayo ya nguo. Mtazamaji anaijua siri, mke haijui, na kila mgeni anayekaribia geti anaweza kuwa ndiye atakayeipeleka nyumbani. Mwandishi hahitaji hata kubuni vituko vikubwa: anamleta jirani mmoja karibu na geti, kisha anatulia.

Huku kwetu upande wa Meru siri hiyo haikuhitaji maelezo. Kijana wa Chuka au Maua anakesha kwenye geti la watu Industrial Area, lakini Desemba anashuka kwenye matatu na tai shingoni. Akiulizwa anafanya kazi gani, anajibu, "Niko na kampuni fulani." Hakuna anayeuliza zaidi, adabu yenyewe inamsaidia kudanganya.

Aliyeufanya uongo huo upendeke ni Bukeko mwenyewe, na aliufanya kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno. Alikuwa pande la mtu. Alipoogopa, hofu ilianzia machoni, ikashuka mashavuni, na mdomo ndio uliokuwa wa mwisho kupata habari. Coca-Cola walimpa tangazo ambalo neno lake lilikuwa "brrr" tu, na uso ule ukajulikana mbali nje ya Kenya. Unaweza kumtafuta mwigizaji mwingine wa kuvaa sare ile. Hofu ile huwezi kumvisha mtu.

Linganisha na kichekesho cha Vioja Mahakamani, kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya. Pale nguzo ni kizimba. Mshtakiwa anaingia, anajikanyaga kwa majibu yake, anahukumiwa, mwingine anaitwa. Wasanii kadhaa wa zamani wametangulia mbele ya haki, akiwemo Gibson Gathu Mbugua, kiongozi wa mashtaka, aliyefariki Januari 2021. Kila mara pengo lilionekana, lakini kiti cha hakimu hakina jina la mtu. Kwa Mmeru aliyekulia chini ya Njuri Ncheke, ambako kesi husikizwa na wazee wanaopokezana vizazi kwa vizazi, mpangilio huo haukuwa na ugeni wowote. Kichekesho cha Vitimbi kilikuwa katikati ya hivyo viwili: kilisimama juu ya wawili, Mzee Ojwang na Mama Kayai, na Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang, alipofariki Julai 2015, wengi wetu tuliwazika Ojwang na Vitimbi katika kaburi moja.

Wamarekani waliwahi kuonyesha njia nyingine. M*A*S*H, kichekesho cha madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, kilirushwa kwa miaka 11 ilhali vita vyenyewe vilidumu mitatu. Mwisho ulikuwa umo ndani ya kisa tangu siku ya kwanza: siku moja vita vitaisha na watu watarudi makwao. Februari 1983 wakautumia, kwa kipindi kimoja cha saa mbili na nusu. Papa Shirandula nacho kilikuwa na mwisho wake mfukoni, kwa kuwa siri ya suti huelekea kufichuka siku moja. Kosa la kutoutumia, kwa maoni yangu, lilikuwa la kibiashara kuliko la kisanaa. Kichekesho kikiwa kinalipa, nani atamruhusu mke ajue ukweli na mambo yaishe?

Urithi wa Papa Shirandula umetawanyika. Felix Odiwuor, Jalang'o wa kipindi hicho, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022. Kikubwa zaidi, naona, ni lafudhi. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeazima ulimi wa Mjaluo, akaigiza vizuri hadi wengi wakashangaa kusikia jina lake halisi. Bukeko hakuazima, alikuja na Uluhya wake mwenyewe. Kisha MC Jessy, Jasper Muthomi wa Imenti Kusini, akapanda jukwaa la Churchill Show na Kimeru chake, na Mmeru akawa ndiye anayejicheka mwenyewe badala ya kuchekwa na jirani.

Vijana wa Embu na Meru wanaofuata njia hiyo sasa wanajirekodi kwa simu, uani kwao, mama akiwa ndiye mwigizaji mwenza. Klipu ya dakika mbili haina siri ya kulinda miaka 10. Mke anaijua kazi ya mumewe kabla bando halijaisha.