Matarumbeta Yaliyomfunika Nina Simone

Ngoma ya saba ya Yeezus, albamu ya Kanye West, ina dakika sita, ndefu kuliko zote kumi, na iliharibika kabla dakika ya pili haijaisha. Sehemu yenyewe mnaijua. Sauti ya Nina Simone imetangulia, piano inamfuata kwa chini, Kanye West anaimba kwa Auto-Tune kama mtu anayelalamika usingizini. Ghafla yanaingia matarumbeta ya TNGHT na besi juu yake, ukumbi mzima unaruka. Watu waliruka mwaka 2013 na wanaruka mpaka leo. Mimi nilikaa, na bado nimekaa.

Tutazame sampo aliyokuwa nayo Kanye mezani. Strange Fruit, ambayo Billie Holiday aliirekodi mwaka 1939, inahusu watu weusi walionyongwa mitini kusini mwa Marekani. Simone alipoirudia kwenye Pastel Blues, 1965, karibu aifukuze bendi yote. Piano inagonga, inanyamaza, inagonga tena, na kati ya pigo na pigo unasikia chumba. Sauti yake ni ya chini, nzito, haina haraka. Ule ukimya nao ni ala. Ukichukua sampo ya wimbo wa namna hiyo, ichukue na hewa yake, la sivyo uache.

Kanye alianza kwa kumpandisha sauti. Mazoea yale anayo tangu Through the Wire, alipomfanya Chaka Khan alie kama katoto. Kule ilikubali: jamaa alikuwa anachana taya likiwa limefungwa nyaya, na utani ndio uliobeba maumivu. Kwa Simone, ukipandisha sauti unamnyang'anya umri. Mama mtu mzima, aliyeyaona aliyoyaona, anageuzwa kitufe cha kubonyeza.

Hilo ningelisamehe. Matarumbeta siyasamehe. Yenyewe hayana ubaya. Hudson Mohawke wa Glasgow na Lunice wa Montreal, yaani TNGHT, waliyapika kwa ajili ya disko, yakaitwa R U Ready, na kwenye disko yanafanya kazi yake sawasawa. Shida ni kanuni yanayokuja nayo: nyamazisha, subirisha, dondosha. Nimeilalamikia kanuni hii hapa mpaka mhariri amechoka nami, na leo nairudia. Biti inayoishi kwa kudondoshwa hugeuza kila kilichotangulia kuwa foleni. Msikilizaji hasikilizi tena, anangoja. Kwa hiyo dakika nzima ya Simone akiimba juu ya miili mitini inakuwa ya kupasha watu moto, na kinachofunguliwa baada ya subira hiyo ni mistari ya mapenzi yaliyovunjika na pesa za matunzo. Watetezi wanasema huo mgongano ndio sanaa. Mgongano unataka pande mbili zilizosimama. Hapa upande mmoja umezimwa: besi ikishaingia, Simone anabaki vipande vinavyorushwa nyuma ya kelele, na ukimya wake haurudi tena ulivyokuwa.

Anayetaka kujua ala za kupuliza zinavyotumiwa airudie Rebel Without a Pause, 1987. The Bomb Squad walikata mlio wa saksafoni kutoka The Grunt ya The J.B.'s, wakaurudisha na kuurudisha kama king'ora cha gari lisilofika. Haudondoki popote. Hakuna kungoja, hakuna zawadi, na Chuck D anachana ndani ya dharura ileile. Siku hizo mashine ya sampo ya SP-1200 ilikupa sekunde kumi tu za sampo kwa jumla, kwa hiyo ulichokata ulikijua. Au nenda nyuma zaidi, Planet Rock, 1982: Arthur Baker na John Robie hawakuichana santuri ya Kraftwerk vipande, waliipiga upya melodia ya Trans-Europe Express kwa sinthesaiza na kuiweka juu ya mashine ya ngoma ya 808. Wajerumani wakaja Bronx kama wageni walioalikwa.

Mengine kwenye Yeezus yako sawa: Daft Punk kwenye On Sight, ngoma za Black Skinhead, kazi ya Arca.

Kinachoniudhi zaidi ni New Slaves, nyimbo tatu tu kabla ya ngoma hii ya saba. Humo Kanye anausema utumwa waziwazi juu ya sinthesaiza moja inayonguruma, karibu bila ngoma kabisa, na mwishoni anawaachia Omega wa Hungaria nafasi pana ya kupumua. Basi alijua.

Na mtayarishaji Rick Rubin alikuwepo. Kwenye jalada la Radio ya LL Cool J, 1985, aliandikwa kwamba ameipunguza, si kwamba ameitayarisha, na hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa kwenye Yeezus siku za mwisho. Bound 2 aliinyoa mpaka ikabaki sampo na mifupa. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, na matarumbeta akayaacha.