Konokono wa Tanganyika na "Kiungo Kilichopotea"

Anayetembea ufukoni hapa Kalemie, si mbali na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, huona magamba ya konokono mchangani. Watoto huyaokota na kuyachezea, wavuvi wa ndagala huyakanyaga bila kuyatazama. Lakini magamba hayo yaliwahi kuwagombanisha wataalamu wa Ulaya, na ugomvi wao una fundisho kwetu hata leo. Tunataka kulipima neno linalotajwa mara nyingi shuleni na barazani, yaani "kiungo kilichopotea". Mzani wetu ni kitabu cha zamani, The Tanganyika Problem, maana yake Fumbo la Tanganyika, kilichotolewa London mwaka 1903 na Mwingereza J.E.S. Moore.

Moore alisafiri mara mbili kuja ziwani, safari ya pili ikiwa ya mwaka 1899 hadi 1900. Aliona jambo la ajabu. Konokono wengi wa ziwa letu hawafanani na wale wa mito na maziwa mengine. Magamba yao ni mazito, yenye mbavu na nundu, kama ya konokono wa baharini. Mmoja, Tiphobia, ana miiba mirefu. Wengine huitwa Lavigeria, jina walilopewa kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wapadre Weupe. Tena ziwani mlikuwa na yavuyavu, mnyama laini anayeelea, ambaye jamaa zake wengi wako baharini. Moore akayalinganisha magamba hayo na visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya konokono wa bahari wa kipindi cha Jurasiki, kilichokwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Akaona vinafanana. Basi akakata shauri: zamani bahari ilifika hapa, kisha ikatengwa, na konokono hawa ni masalio yake yaliyo hai.

Tumtendee haki. Alikusanya kwa bidii, na swali lake lilikuwa swali la kweli. Kosa lake ni moja: aliuchukua mfanano kuwa ujamaa. Watu wawili waweza kufanana nyuso, na wasiwe wa ukoo mmoja. Mwenye kutaka kujua ukoo huuliza: wazazi wao ni akina nani? Walikaa wapi, na lini? Kati ya gamba la Jurasiki na gamba la ziwani imepita miaka mingi mno, na Moore hakuonyesha mfululizo wa visukuku wa kuujaza muda huo.

Jibu lilikuja polepole. Mtaalamu W.A. Cunnington alikuja ziwani mwaka 1904 na 1905, na mwaka 1920 alipotoa uchunguzi wake wa maziwa ya Afrika hakukubaliana na Moore. Yavuyavu wa namna hiyo walionekana pia katika Ziwa Viktoria na mto Niger. Siku hizi wataalamu hukadiria kwamba ziwa letu lilianza miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, yaani muda mrefu sana baada ya Jurasiki. Na chembe za urithi za konokono hao zaonyesha kwamba ndugu zao ni konokono wa maji yasiyo na chumvi.

Magamba mazito, basi, yametoka wapi? Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Yaliundwa papa hapa. Ziwani kuna kaa aitwaye Platythelphusa, mwenye magando makubwa ya kuvunjia magamba. Konokono mwenye gamba jembamba huliwa upesi; mwenye gamba nene huponyoka na kuzaa. Kizazi baada ya kizazi, magamba yakazidi kuwa manene. Adui wa namna moja alileta ngao ya namna moja, baharini na ziwani, bila ujamaa wowote wa karibu.

Hapo mtu atafurahi na kusema: "Mnaona? Wataalamu wamekosea, viungo vyote ni uongo." Tunamjibu: la, usiharakishe. Kosa la Moore lilisahihishwa na wataalamu wenyewe, kwa ushahidi. Na uko ushahidi mwema kuliko wake. Wataalamu wa Marekani walijua kwamba samaki wenye mapezi ya nyama walikuwako miaka milioni 385 hivi iliyopita, na wanyama wa miguu minne miaka milioni 365 hivi. Wakasema: basi tutafute katika miamba ya katikati, miamba ya mito ya kale. Mwaka 2004, katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya Kanada, wakamkuta Tiktaalik, wa miaka milioni 375 hivi. Ana magamba na mapezi ya samaki, lakini ana shingo, na ndani ya pezi mna mifupa kama ya kiwiko na kifundo cha mkono. Hapa mfanano haukusimama peke yake. Tabaka, umri na mifupa vilishuhudia pamoja, na mahali pa kuchimba palitajwa kabla ya kuchimba.

Hata hivyo neno "kiungo" lenyewe ni baya, kwa maana hutufanya tuwaze mnyororo. Tazameni Olduvai, Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Mumewe Louis alidhani huyo ni babu yetu, mtengenezaji wa zana za mawe. Tangu mwaka 1960 mifupa mingine ilionekana papo hapo, na mwaka 1964 ikapewa jina la Homo habilis. Leo Zinjanthropus huhesabiwa kuwa tawi la kando lililokauka. Ukoo wa viumbe ni kama mwembe wenye matawi mengi, na kisukuku mara nyingi ni cha ndugu ya babu, si cha babu mwenyewe. Hata Tiktaalik hatusemi ni babu hasa. Ni shahidi wa njia iliyopitwa.

Kwa nini tunayasema haya katika gazeti la parokia? Kwa sababu wako vijana wetu wanaofundishwa kuilinda imani kwa kuhesabu mapengo ya visukuku. Ni ulinzi dhaifu. Ukiweka jiwe moja katikati ya mto, mbishi atasema sasa pana mapengo mawili. Lakini mvukaji anajua kwamba njia imekuwa fupi. Papa Pius XII, katika waraka Humani Generis wa mwaka 1950, hakukataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu; alishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Muumba si Mungu wa mapengo tu, ni Mungu wa mto mzima. Kijana aliyeifunga imani yake kwenye pengo atafanya nini siku pengo likijazwa?

Basi mtoto akikuletea gamba kutoka ufukoni, usimwambie ni la bahari ya kale, wala usimwambie halina habari. Mwonyeshe unene wake, kisha mweleze habari za kaa.