"Run" ya Waingereza na "Kimbia" Yetu

Wapo waalimu wanaodhani ya kuwa kufasiri ni kama kuvunja noti dukani: watoa hii, wapokea zile, na hesabu imekwisha. Dhana hiyo hudumu mpaka mtu akutane na neno "run" la Waingereza. Neno lenyewe ni dogo, na mtoto anayeanza Kiingereza hulijua. Lakini watungaji wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya, bwana Peter Gilliver alishughulika nalo miezi kama tisa, na mwaka 2011 ikatangazwa ya kuwa maana zake, likiwa kitenzi tu, zimefika 645. Sisi hatudai kuzijua hata robo. Shauri letu ni juu ya tafsiri moja, yaani "run" kuwa "kimbia", ambayo imeandikwa katika kuta za madarasa mengi, na sasa imekwisha kupanda mimbarani.

Hapa Misigiri, penye njia panda ambapo barabara ya Kiomboi huachana na ile kuu itokayo Singida kwenda Nzega, tuliletewa karatasi za masomo ya Jumapili zilizofasiriwa kutoka Kiingereza. Somo lilikuwa mwana mpotevu. Pale ambapo baba amwona mwanawe angali mbali, mfasiri alikuwa ameandika ya kwamba baba alimwonea huruma, "akamkimbia". Msomaji akasoma kama ilivyoandikwa. Twakiri tulitazamia watoto wacheke, hawakucheka. Mmoja akauliza: ikiwa baba alikuwa na huruma, mbona akamkimbia? Swali lilikuwa la haki kabisa. Kwetu, na popote pasemwapo Kiswahili, mwanamke aliyekimbiwa na mumewe ni mwanamke aliyeachiwa mzigo wote wa nyumba. Na mtoto aliyekimbiwa na babaye hana haja ya kufunuliwa maana ya neno hilo. Basi kwa kukosekana herufi mbili tu, ile "li" ya "akamkimbilia", habari njema ya sura ile iligeuzwa miguu juu, na baba mwenye kungoja akawa baba mwenye kutoroka.

Kosa hili si la kupiga chapa tu. Latoka katika kutotambua kazi ya neno letu wenyewe. "Kimbia", katika matumizi yake ya tangu zamani, latazama nyuma: kuna kitu ambacho mtu ajiepusha nacho, ikiwa ni adui, au mvua, au deni, au aibu. Ndiyo sababu lapokea mtendwa wake bila kiungo chochote. Twasema kumkimbia simba, kulikimbia deni. "Mbio", kwa upande mwingine, ni mwendo mtupu. Apigaye mbio au aendaye mbio hatuambiwi kama ana hofu au furaha. Twaambiwa miguu yake tu. Na kando ya hayo kuna "toroka", ambalo ni la siri, hata mwenye kutoroka huweza kunyata polepole usiku kucha. Tena kuna "kurupuka", ambalo ni la aliyeshtushwa. Mwingereza aweza kuwafunika wote hao kwa "run" yake asione haya. Mswahili hawezi. Hana budi kuamua kwanza: mtu huyu ana nini nyuma yake, na ana nini mbele yake?

Wale waliotuletea Biblia ya Union Version, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, waliamua. Na ambaye bado aona ya kuwa twapekua mambo madogo, tunamwomba afungue habari za asubuhi ya Ufufuo. Katika Marko 16:8 wanawake wametetemeka na kushangaa, nao hutoka kaburini kwa "kukimbia". Katika Mathayo 28:8 wanawake wana hofu, lakini pia wana furaha nyingi na habari ya kupeleka. Hapo "waenda mbio". Katika Yohana 20:4 Petro na mwenziwe waelekea kaburini, nao pia "waenda mbio". Kiyunani chenyewe chatenga vivyo hivyo, chatumia kitenzi kimoja kwa wale wenye kukimbia na kingine kwa wale wenye kwenda mbio. Sasa mtazame Petro huyo huyo. Katika Marko 14:50 wanafunzi wote wanamwacha Bwana "wakakimbia", naye yumo. Siku ya tatu aenda mbio. Ni miguu ile ile, lakini si kitenzi kile kile. Mwalimu atakayewaambia watoto ya kwamba "Petro alikimbia kaburini" amewafanya wengi wao wafahamu ya kuwa Petro alitoka kaburini kwa hofu. Maana "kaburini" peke yake haisemi kama mtu aja ama atoka, na kitenzi chenyewe kimekwisha kuelekea upande wa kutoka.

Hatusemi kila tafsiri lazima ifuate maneno ya Union. Tafsiri za baadaye zimetumia "kimbilia" katika Luka 15:20, na neno hilo ni halali, tena lina uzuri wake, kwa kuwa Zaburi ya 46 yamwita Mungu kimbilio. Illa lina ukali wa pande mbili: Yona naye alikimbilia Tarshishi. Sisi twapendelea "akaenda mbio", kwa sababu mzee wa heshima hatazamiwi kwenda mbio, na msikiaji huona ajabu hiyo mara moja bila kufunuliwa.

Pana wenzetu watakaotujibu ya kuwa lugha haikai mahali pamoja, na kwamba watangazaji wa michezo wamesema "kimbia" miaka mingi pasipo mtu kuchanganyikiwa. Ni kweli, na hatupingi. Filbert Bayi alipozikimbia mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakuna aliyedhani amezitoroka. Lakini hata hapo lugha imejilinda, imegawa majina: ashindanaye ni mkimbiaji, na wale waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakakaa Ulyankulu ni wakimbizi. Hakuna awachanganyaye. Tena uweke neno lile mbele ya habari ya John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 akamaliza wa mwisho: sifa yake ni ya kuwa alizikimbia mbio zile, na ni ya kuwa hakuzikimbia. Msikiaji ajua ipi ni ipi kwa kuwa aijua habari. Mtoto wa Jumapili, aisikiaye habari kwa mara ya kwanza, hana msaada huo.

Maana nyingine za "run" tutazipita upesi. Maji hutiririka, machozi huchuruzika, kikombe cha Zaburi ya 23 hufurika, makamasi hutoka tu. Barabara hupita. Mtaka kiti hugombea. Ukisema amekimbia uchaguzi, umesema ameuogopa. Lori lililokatika breki katika mteremko wa Sekenke huserereka au huporomoka. Ukimwambia askari ya kuwa "lilikimbia" atauliza limemgonga nani. Na "kimbiza" lina kichekesho chake, maana twamkimbiza mgonjwa hospitali na twamkimbiza mwizi, na mmoja tu kati yao ndiye afurahiaye. Liliyotuuma zaidi ni shule. Mwanafunzi wetu mmoja, mwenye bidii, alitaka kuandika ya kwamba mwalimu mkuu ndiye aongozaye shule, akaitazama orodha ya ukutani, akaandika: "Mwalimu mkuu anakimbia shule." Tulimpa sifuri, kisha tukaifuta, kwa maana orodha ile tuliiandika sisi.

Orodha imekwisha kubanduliwa. Mahali pake tumeandika sentensi nzima nzima, kumi na mbili, kila moja na kitenzi chake, nao watoto wazifasiri kwa kurudi na kwenda. Karatasi za mwana mpotevu zilizobaki kwetu zilikuwa ishirini na nne. Tumezisahihisha kwa kalamu moja moja. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na wainjilisti kwenda vijijini, na somo lile lasomwa huko hivyo lilivyo. Aliye nayo na aifungue, aandike "akaenda mbio".