Ufundi wa "Itaendelea"

Mwandishi wa hadithi ya mapenzi inayotoka gazetini kila wiki ana mtihani ambao mwandishi wa kitabu kizima hana. Msomaji wa kitabu akichoka leo, kitabu kitamngoja. Wa gazeti akichoka leo, wiki ijayo hela yake inanunua vocha.

Eric Shigongo, mwanzilishi wa kampuni ya magazeti ya Global Publishers, aliyechaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Buchosa, jimbo la mkoani Mwanza lililo jirani na Geita, anaujua mtihani huo. Hadithi zake nyingi zilisomwa magazetini kipande kwa kipande kabla hazijawa vitabu. Tazama jina hili: Rais Anampenda Mke Wangu. Kwa maneno manne tu umepata watu watatu, ndoa moja, na mume asiye na pa kwenda kushtaki. Hujafungua ukurasa wa kwanza, na tayari una upande.

Ila ufundi wenyewe hasa uko pale sehemu inapokatwa. Mwandishi mchanga hukata kwenye kishindo: mlango umegongwa, bastola imetolewa. Fundi hukata kwenye uamuzi. Tuseme binti anauza chakula karibu na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Rwamgasa, Geita. Mchumba wake, mchimbaji, ameondoka kufuata machimbo mapya, na kwa miezi sita hajasikika. Sasa mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ameleta posa, na baba anataka jibu. Mwandishi wa kishindo atamrudisha mchumba usiku huohuo. Fundi atamwacha binti mbele ya baba yake, amefungua mdomo kujibu, kisha aandike: itaendelea. Wiki nzima wasomaji watabishana, akubali au asubiri, na kila mmoja atatetea jibu lake kwa yale aliyoyaona maishani mwake.

Baada ya hapo inakuja kazi isiyosifiwa: aya ya kwanza ya toleo linalofuata. Kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, wachimbaji wanaosoma hadithi hizi huhama kila dhahabu inaposikika kwingine, na wanaopitwa na toleo ni wengi. Aya hiyo imkumbushe aliyepitwa bila kumchosha aliyesoma. Wavivu hurudia habari yote. Fundi huipenyeza ndani ya tendo: binti anakung'uta unga mikononi, na kidole kilichozoea pete ya uchumba ki kitupu. Mgeni ameelewa kuna mchumba anayeanza kuachwa. Mwenyeji naye amepata jambo jipya, kwa kuwa wiki iliyopita pete ilikuwapo.

Wapo wanaozidharau hadithi hizi kwa sababu ni za mapenzi, tena za gazetini. Mimi naziheshimu, kwa kuwa kumshika msomaji miezi mizima kwa ukurasa mmoja wa wiki ni kazi ngumu. Ukitaka kumpima mwandishi wa hadithi hizi, soma anavyoanza sehemu ya pili. Akikukumbusha la zamani kwa kukuonyesha jipya, huyo ni fundi. Nunua na toleo lijalo.